Jina Walilolitoa Wimboni

Kibarani, Kilifi

Kwa dada yangu Wakesho,

Shikamoo dada. Itikia kwa sauti nikusikie mpaka huku, maana nakujua: asubuhi ya ukungu wa Mgange unaitikia nusu, nusu nyingine unaimeza na chai. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia umeitumia wewe, au shemeji ameimaliza mgongoni mwake kama ada yake? Na nyani, mwaka huu wamewaachia mahindi kidogo, au mmewalimia tena bure?

Mimi mwili ni mzima. Kilifi haijanishinda, wala haitanishinda. Ukisimama barabarani kuanzia Mtwapa mpaka Malindi ukauliza ni nani anayejua kupika kamba kwa tui la nazi, utaletwa kwangu umeshikwa mkono. Wale Waitaliano wa Malindi, wanaodhani upishi waliuanzisha wao, niliwapikia miaka na wakalamba sahani. Kiitaliano chao ninacho, hasa matusi. Darasa la saba niliishia, dada, lakini lilikuwa darasa la saba la zamani, lenye viboko.

Ningekupigia simu. Ila unanijua kwenye simu: naanza kwa mzaha, nakata kwa mzaha, nawe unabaki huna habari yoyote uliyoipata. Karatasi haicheki. Basi keti, weka miwani, mwambie shemeji azime redio.

Nakuomba kitu kimoja tu. Siku ya kusimika msalaba kwenye kaburi la mwanangu Mkamburi, usiwaache wale wanakwaya wa kutoka huku wauimbe ule wimbo. Nimesikia umewaalika. Najua umefanya kwa mapenzi, ulitaka nikifika niukute pale kama zawadi. Dada yangu, wimbo ule si wangu. Una jina langu, lakini si wangu. Wacha nikueleze ulivyokuwa.

Unakumbuka tulipomzika mwanangu nikarudi huku kabla hata udongo haujakauka, ukaniambia kwa hasira kwamba nakimbilia kazi. Nilikuwa nakimbia, kweli. Mama yake alipotutangulia nilikuwa naye Mkamburi wa kumtazama, nawe ukanilelea. Safari hii ningemtazama nani? Nikarudi jikoni kwa yule bibi mzungu ninayempikia kule Kuruwitu, yule niliyekuambia kwamba alikuwa mwalimu wa mashairi kwenye vyuo vikuu vya kwao. Sisi wafanyakazi tunamwita Mama Tenzi. Ni mjane, nyumba yake imejaa vitabu mpaka chooni, na Kiswahili chake kimevunjika miguu yote miwili lakini kinatembea.

Nilipika vibaya, dada. Mimi! Wali ukaungua, samaki akatoka mbichi katikati. Hakunigombeza. Siku moja akaja na kiti chake akakiweka mlangoni mwa jikoni, na kitabu kinene mapajani, akaanza kunisomea huku nakuna nazi. Anasoma kwa lugha yao, halafu ananigeuzia. Mashairi ya Wakristo wa zamani sana, wa miaka kama mia nne nyuma, wengi wao makasisi. Enzi zile maradhi yalikuwa yanafagia nyumba nzima. Kasisi anazika waumini asubuhi, akirudi nyumbani anamkuta mtoto wake mwenyewe amelala mwili moto. Basi wakawa wanaandika.

Mimi nilidhani nitasikia ya malaika na vinubi. Wapi! Watu wale, dada, walikuwa wanamgombeza Mungu waziwazi. Mmoja anamuuliza Mungu mbona amenyamaza kama mtu asiye nyumbani. Mwingine amezika mtoto, na shairi zima anamtaja yule mtoto kama vile anamwita aje kula. Mama Tenzi anapiga goti lake kwa kofi: "Mwakio, sikia! Hii mutu napigana na Mungu kabisa!"

Nikaacha mbuzi ya nazi. Nikamuuliza, "Na kanisa halikumfukuza?"

"Hapana. Jumapili yeye nasoma sala kama kawaida."

"Basi hakuwa na imani huyo, alikuwa anatafuta mkate tu."

Akanitazama juu ya miwani. "Mwakio, mutu hapana gombana na mutu hayuko."

Neno lile likaniingia nisijue nilijibu nini. Nadhani nilimpigia majigambo, kama kawaida yangu. Nilimwambia hao washairi wake wanakata mistari ovyo kama mtu anayekata sukuma wiki huku anaongea. Sisi huku tuna vina na mizani, na marehemu baba yangu, msomaji wa kanisa, alitufundisha kuhesabu mizani kwa vidole kabla hatujajua kuhesabu mbuzi. "Basi andika," akasema. Akainua kiti chake akaenda zake.

Nikaandika. Kule Kuruwitu, juu ya meza ya kukatia vitunguu, na kwa mara ya kwanza machozi yangu yalikuwa na kisingizio. Ubeti wa kwanza ni huu, usome polepole:

Mola wangu nakuita, njoo tukae tuseme,
Si vita ninavyoleta, nataka unitazame,
Mkamburi ukamwita, hukungoja nimtume,
Nijibu Mola nijibu, jina lake Mkamburi.

Na huu ndio uliowatisha watu:

Nilikoroga na uji, kijiko hakukishika,
Nikachota nayo maji, kinywa hakikufunguka,
Nawe waitwa Mpaji, kwangu mbona ukapoka?
Nijibu Mola nijibu, jina lake Mkamburi.

Kila ubeti unaishia kwa jina lake. Nilifanya makusudi. Kila nikimaliza mistari mitatu ya kulia, nilikuwa na haki ya kumwita tena. Ubeti wa mwisho nikatia jina langu, kama baba alivyotufundisha, kwamba shairi lisilo na jina la mtunzi mwishoni ni kama mtoto aliyeachwa njiani:

Tamati nimefikia, ni Mwakio wa Taita,
Mimi sijakukimbia, nimenuna nakuita,
Siku utayonijia, jibu lako nitapata,
Nijibu Mola nijibu, jina lake Mkamburi.

Nilimpa Kahindi alitie sauti. Kahindi, mwalimu wa kwaya ya kanisa letu hapa, fundi cherehani, rafiki yangu tangu nilipoingia Kilifi na mkoba mmoja. Humjui kwa sura lakini unamjua kwa tendo: ndiye aliyempakia Mkamburi, alipougua huku kwangu, kwenye pikipiki yake kumkimbiza hospitali, mimi nyuma namshikilia mtoto, yeye mbele anapiga honi na kulia. Kwa hiyo sikumpa shairi mtu baki. Nilimpa mtu aliyemshika. Nikamwambia, "Liimbwe kwenye ibada ya kumkumbuka." Akalisoma amesimama, akanikumbatia mpaka tepu yake ya kupimia ikanikaba shingo. "Niachie mimi, ndugu yangu."

Nikamwachia. Kila nikiuliza, "Bado tunafanya mazoezi." Kanisani nilikuwa mzito wa kwenda, nakuambia ukweli. Nikifika mlangoni miguu inakumbuka jeneza. Kwa hiyo sikujua lolote, mpaka uliponitumia ule ujumbe kwamba umesikia wimbo wangu redioni, umelia, na unamshukuru Mungu kwa kuwa hatimaye nimekubali. Lile neno "nimekubali" nililiona, lakini nikalipita. Nilikuwa na shughuli ya kuvimba kichwa! Nikawatangazia wauza samaki wote, wachuuzi wa pombe ya mnazi, hata askari wa getini: "Mimi naimbwa redioni. Mnaniona na ndoo ya taka, lakini naimbwa redioni." Na bado sikuwa nimeusikia mwenyewe, maana redio ya Mama Tenzi haishiki kitu ila vinanda vya kwao.

Niliusikia matangani, Matsangoni.

Mama Riziki, anayetuuzia pweza, alifiwa na mwanawe wa kiume, Riziki mwenyewe. Kijana mkubwa, mcheshi, alikuwa ananitania kwamba Wataita tunaogopa bahari. Nilikwenda kupika. Sijui kukaa msibani mikono mitupu. Nipe sufuria kubwa na kuni, nitakuonyesha ninavyolia. Basi niko nyuma ya nyumba na mwiko, kwaya ya Kibarani ikawasili na vipaza sauti vyao na sare mpya, Kahindi mbele. Wakaanza. Sauti tamu, sikatai, Kahindi ana kipaji. Nikatambua mizani yangu kabla ya maneno. Moyo ukaruka kwa furaha. Nikafuta mikono, nikasogea ukutani nisikilize.

"Mola wangu nakuita," sawa. Kisha yakaja mengine. Ubeti wa uji haupo. Na mwisho wa kila ubeti, pale nilipomweka mwanangu, wanaimba hivi:

Nashukuru Mola wangu, mpendwa umemtwaa.

Mpendwa! Mpendwa ni nani? Mpendwa ni mtu yeyote. Nikasema labda ubeti unaofuata. Haupo. Labda ule mwingine. Wamemtoa kabisa, dada, kila mahali, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Na walipofika mwisho, wakapaza sauti:

Tamati nimefikia, ni Mwakio wa Taita,
Yote nimeyaridhia, sina neno la kuteta.

Jina langu wameliacha. La mtoto wametoa, la baba wameacha, na chini yake wamenitilia maneno ambayo hata nikilewa siwezi kuyasema. Na watu wakageuka kunitazama, wanatikisa vichwa kwa heshima: huyo ndiye, mtu wa imani.

Nikarudi kwenye sufuria. Wali ule sijui uliiva vipi.

Baadaye mwanamke mmoja akaja. "Mpishi, mfiwa anakuita." Nikamkuta Mama Riziki chini kwenye mkeka, wanawake wamemzunguka, khanga imemfunika mpaka machoni.

"Ndiwe Mwakio wa wimboni? Si ulinitangazia sokoni?"

"Ndimi, mama. Pole sana, mama."

"Sogea. Mimi sina haja na pole." Akanishika kifundo cha mkono, na ana mkono wa mtu anayepiga pweza kwenye jiwe. "Nifundishe. Uliridhia vipi? Nataka kujua unaanzia wapi. Mimi tangu jana moyoni namtukana Mungu, na nyimbo zikiimbwa naona wote mmeridhia, mbaya ni mimi peke yangu."

Wanawake wakasema, "Usiseme hivyo, mama, usiseme hivyo."

Dada, ningeweza kumpa maneno. Mimi maneno siishiwi. Ningesema tuvumilie, tumwachie Mungu, nikaondoka na heshima yangu ya redioni. Lakini alikuwa amenishika vile.

"Mama," nikamwambia, "wamenisingizia. Mimi sijaridhia. Hata kidogo. Asubuhi nikikoroga uji wa yule bibi bado mkono unangoja mtu mwingine aje aunywe."

Akaifunua khanga usoni. "Hujaridhia?"

"Sijaridhia. Nimemnunia Mungu, na namwambia kila siku."

"Unamwambia?"

"Kwa sauti. Jikoni. Yule mzungu wangu amezoea."

Akatoa sauti, wanawake walidhani ni kilio kipya, lakini mimi niliyekuwa karibu nilijua alicheka, mara moja, kama kikohozi. Kisha akaniuliza, "Wako aliitwa nani?"

"Mkamburi."

"Wangu Riziki. Sasa mbona wimboni hayumo?"

Nilikaa naye pale mkekani, mwanamume mzima kati ya akina mama, mpaka waliponiita kupakua.

Kesho yake nikaenda kwa Kahindi. Alikuwa kibarazani kwake anashona makoti ya kwaya, akaniona akachangamka. "Karibu mtunzi! Ulisikia tulivyowaliza jana?"

"Kahindi, Mkamburi umemweka wapi?"

Akaacha kushona. "Nilijua utauliza."

"Basi una jibu tayari."

"Ndugu yangu, wimbo ukishatoka ni wa watu. Ukitia jina la mtoto mmoja, mwenye kufiwa na mume atauimbaje? Aliyefiwa na babu? Tunaitwa misiba ya kila aina. Na ule ubeti wa uji, mchungaji alisema ni kufuru. Kumwita Mungu mporaji mbele ya waumini! Nilikuokoa, ujue. Wengine walitaka ukaitwe mbele ya wazee."

"Ningekwenda. Ungeniambia, ningekwenda kwa wazee na shairi langu mkononi."

"Ungegomba."

"Ndiyo! Ningegomba! Kwani nilichoandika ni nini?"

Akainama kuokota pini ambayo haikuanguka. Nikamuuliza, "Na jina langu mbona umeliacha?"

Hapo akaniangalia machoni, dada, na kilichoniumiza ni kwamba hakuwa anadanganya. "Hilo nimekuheshimu. Kutoa jina la mtunzi kwenye tamati ni wizi. Mimi si mwizi, Mwakio. Unanijua."

"Bora ungeiba," nikamwambia. "Ungelichukua lote ukaandika ni Kahindi wa Kibarani, leo ningekuja tunywe chai, nikakutania. Wewe umenitia maneno mdomoni juu ya mtoto ambaye ulimpakia kwa mikono yako. Hukumwona? Hukuuona ule uso? Mimi nimeridhia? Wewe umeridhia?"

Akalirudisha koti chini ya sindano. Nikadhani sasa atasema la moyoni. Lakini alisema, "Tumesharekodi. Watu wameushika. Hata dada yako ametuomba tukauimbe kaburini, amefurahi sana."

Kisha akakanyaga cherehani, trrrr, ndiyo kwaheri yake.

Ndivyo nilivyojua, Wakesho. Nilitembea toka pale mpaka darajani nisijue nimefikaje. Na sasa nitakuambia neno, usikasirike, au kasirika lakini usichane karatasi. Wewe ulimlea. Ulimfunga nepi, ulimpeleka shule, ulimjua hata kwa kikohozi chake. Uliusikiliza wimbo mzima redioni, ubeti kwa ubeti, ukalia, na hukusikia kwamba hayumo? Au ulisikia, ukaona heri hivyo, mdogo wako ametulia, jambo limeisha? Kahindi ameniuma. Lakini lile "nimekubali" lako limekaa kifuani kama mwiba wa samaki changu. Mimi nilidhani nikinyamaza, wewe walau unajua ninanyamazia nini.

Basi. Nimeshasema, na karatasi haijacheka.

Simwachi Mungu, ukasikia? Usije ukamwambia shemeji kwamba nimekuwa mpagani kwa ajili ya wazungu. Jumapili iliyopita nimekwenda kanisani, nimeketi nyuma kabisa, na walipofika kwenye sala ya kimya mimi sikunyamaza, nilimwambia yote. Hajanijibu. Nitakwenda tena.

Lakini kaburini kwa mwanangu maneno yale hayaimbwi. Wapigie simu, waambie wasije. Kama wameshakata shauri la safari waje kula, nitawapikia mwenyewe, sijawahi kumnyima mtu chakula. Ila midomo wafunge. Mchungaji wa huko akiuliza, msomee shairi langu lote kama nilivyokuandikia hapa, na ubeti wa uji ukiwemo. Akilikataa, tutalisomea upande wa nje wa uzio wa makaburi ya kanisa, huko ardhi ni yetu. Nitakuja nilisome mimi. Najua sauti yangu. Kwenye mstari wa tatu itakatika. Ikikatika, wewe usiniambie pole, wala usiniambie nikubali. Simama pale ulipo useme kibwagizo, kwa sauti ile unayofukuzia nyani. Mstari mmoja tu. Nikikusikia umeutamka mpaka mwisho nitaweza kuendelea.

Nisalimie shemeji na mgongo wake. Nisalimie shangazi aliyemfundisha Mkamburi kusuka vikapu, mwambie kile alichokisuka bado nakwenda nacho sokoni. Msalimie mjomba mchonga msalaba, na umwambie herufi azikate kwa kina, mvua za huko zinafuta. Nisalimie jirani yetu wa maziwa, binamu yangu dereva anayedai ananishinda kwa sura, na watoto wote wa hapo nyumbani, kila mmoja kwa jina lake, usiseme tu "watoto nawasalimu".

Nakushika mikono yote miwili, dada, ingawa nimekukasirikia.

Mdogo wako,
Mwakio, baba yake Mkamburi